Nani Anachagua Taa ya Kambi? Historia ya mwanga wa usiku, kutoka moto wa misafara mpaka sola

Wiki hii tunaongelea taa. Msiseme ni mada ndogo. Subirini kwanza tupige hesabu.

Huku Kigoma jua linazama karibu saa moja jioni na linachomoza karibu saa moja asubuhi, mwaka mzima, halibadiliki sana. Yaani nusu ya maisha ni usiku. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka kambi ilipofunguliwa, 1996, alitimiza miaka 20 mwaka 2016. Kati ya hiyo miaka 20, kama 10 ilikuwa giza. Alilala, sawa, lakini hakulala saa zote. Alienda chooni, alitumwa kwa jirani, alisoma, aliugua, alisindikiza mama yake zahanati. Mwanga wake ulitoka wapi?

Tumeandika hii kwa sababu bloku yetu imeulizwa swali. Kuna pesa kidogo ya mwanga, haitoshi vitu vyote. Tuchague: nguzo chache za taa za sola za barabarani, au taa ndogo ya mkononi kwa kila familia. Jibu linatakiwa mwezi huu. Watu wengi walishasema "nguzo" kabla hata swali halijaisha. Sisi kwenye kikundi tukasema, ngojeni, watu wamekaa kambini usiku tangu zamani, hebu tuone historia inasema nini kwanza.

Na tulichokiona ni hiki: kila zamani iliyokuja na taa mpya ilikuja na shida yake, na shida hiyo mara nyingi ilimkuta mtu ambaye hakuulizwa wakati wa kuchagua.

1. Moto: taa isiyokufuata

Neno "kambi" halikuanza na sisi wakimbizi. Karne ya 19, misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, huku huku kando ya Ziwa Tanganyika. Mahali pa kulala njiani paliitwa kambi. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikaa kwa makundi madogo, kila kundi na moto wake, na mara nyingi walizungushia uzio wa miiba.

Ule moto mmoja ulikuwa na kazi nne. Ulipika, ulipasha mwili joto, ulitisha fisi na simba, na ulitoa mwanga. Lakini moto haukufuati. Ukiondoka hatua 10 uko gizani, na mbaya zaidi macho yako yameshazoea mwanga. Jicho la binadamu linahitaji kama dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza vizuri. Kwa hiyo anayetoka kwenye moto mkali ni kama kipofu kwa muda, na aliyejificha gizani anamwona vizuri sana. Hii shikeni, tutaihitaji huko chini tukifika kwenye nguzo.

Karne iliyofuata, kambi za wakimbizi zilianza na moto ule ule. Mwisho wa Aprili 1994, Wanyarwanda karibu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakaweka kambi Benaco. Julai mwaka huo huo, watu wanaokaribia milioni moja walifika Goma na pembeni yake, juu ya mawe ya volkano, mahali ambapo hata kuchimba choo ilikuwa vita. Usiku wa kwanza nani alikuwa na taa? Ilikuwa kuni. Na kuni zilitoka kwenye misitu ya Virunga, mpaka sehemu za msitu zikabaki vipara.

Anayefuata kuni kwa kawaida ni mama na msichana. Mwaka 2000 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu wanawake wakimbizi wa Burundi katika kambi za Tanzania, na moja ya mambo waliyoandika ni wanawake kushambuliwa wakiwa wameenda kuokota kuni. Kwa hiyo ule moto mzuri tunaoukumbuka, wa hadithi na mahindi ya kuchoma, kuna mtu aliulipia porini mchana.

Dadaab, Kenya, walijaribu dawa. Kuanzia 1998 UNHCR walianza kugawa kuni kwa familia ili wanawake wasiende mbali. Wazo zuri. Tathmini ya baadaye ikaonyesha kwamba wakati kuni zipo nyumbani, ubakaji kwenye njia za kuni ulipungua. Lakini mahali pengine uliongezeka. Hatari ilihama. Wale watu wabaya hawakuwa wanasubiri kuni, walikuwa wanasubiri mwanamke aliye peke yake. Wenye mradi walikuwa na nia safi, ila walitibu njia moja na njia zilikuwa nyingi.

2. Kibatari chenye majina mengi

Sasa tuje kwenye mafuta ya taa. Huko Lviv, mji ulio Ukraine ya leo, kulikuwa na mfamasia anaitwa Ignacy Łukasiewicz. Alisafisha mafuta ya ardhini mpaka yakawaka bila kulipuka, na taa yake ikamulika hospitali ya mji ule tarehe 31 Julai 1853, madaktari wakafanya upasuaji usiku. Kabla ya hapo, matajiri wa Ulaya na Marekani walichoma mafuta ya nyangumi.

Mafuta ya taa yalifika kwetu Afrika Mashariki ndani ya makopo ya bati. Mnajua lile debe tunalopimia mahindi na maharage? Lilikuwa kopo la mafuta ya taa. Mafuta yakiisha, bati lilibaki, watu wakalifanya kipimo, ndoo, hata paa la nyumba. Na vile vikopo vidogo vikawa taa: unatoboa kifuniko, unapitisha utambi wa kitambaa, unamwaga mafuta, unawasha. Watanzania wanaita kibatari au koroboi. Warwanda wanaita agatadowa. Waganda wanasema tadooba. Bloku moja ya kambi inaweza kuwa na majina yote hayo, na moshi ni ule ule.

Waliojiweza walikuwa na taa ya chemli, yenye kioo kinachozuia upepo. Wenye duka au kanisa walikuwa na karabai, ile ya kupampu. Jina karabai limetoka kwenye kabaidi, ile taa ya zamani zaidi iliyodondoshea maji juu ya mawe ya kabaidi ikatoa gesi ya kuwaka. Taa ilibadilika, jina likabaki. Karabai moja iliweza kumulika harusi nzima. Ndiyo sababu wazee wetu wanakumbuka mwanga wa sherehe kuliko mwanga wa nyumbani: wa sherehe ulikuwa mwanga kweli.

Kibatari kina makosa yake, tusikisifie. Mwanga wake ni kama lumeni 10, wakati ile balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa kama 800. Utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba asilimia 7 mpaka 9 ya mafuta yanayochomwa kwenye taa kama hii yanageuka kuwa masizi meusi. Ndiyo yale unayoyaona asubuhi ukipenga kamasi. Mtoto anaigonga, nyumba ya nyasi inashika moto. Mafuta yanawekwa kwenye chupa ya soda, mtoto mwingine anadhani ni maji. Na maskini ananunua mafuta kidogo kidogo, kwa kikombe au kichupa, kwa hiyo analipa ghali kuliko anayenunua debe zima.

Lakini kibatari kilikuwa na sifa moja kubwa ambayo taa nyingi za leo hazina. Kikiharibika, mtoto wa miaka 12 anakitengeneza. Kopo lipo, kitambaa kipo, msumari upo. Hakuna kusubiri fundi kutoka mjini, hakuna kusubiri bajeti ya mwakani.

Kuna kambi nyingine za mbali zilizotufundisha jambo. Wakimbizi wa Bhutan waliokuwa Nepal walikuwa wanagawiwa mafuta ya taa ya kupikia, na familia zilitumia kidogo kwa taa. Katikati ya miaka ya 2000 bei ikapanda, mgao ukasitishwa, wakapewa makaa ya kufyatua. Makaa yanapika, sawa. Ila hayasomeshi mtoto usiku. Aliyepanga mgao alihesabu sufuria, hakuhesabu daftari.

3. Jua ndani ya kitu kidogo

Paneli ya sola siyo kitu kipya sana. Mwaka 1954 maabara za Bell, Marekani, zilionyesha ya kwanza iliyofaa kwa matumizi. Lakini kwa miaka mingi haikutusaidia sisi watu wa chini kwa sababu balbu za wakati ule zilikula umeme sana. Ungehitaji paneli kubwa kama mlango ili kuwasha balbu moja.

Kilichofungua njia ni LED ya bluu. Nyekundu na kijani zilikuwepo tayari, bluu yenye nguvu ikawashinda wanasayansi miaka mingi. Mwaka 1993 Shuji Nakamura wa Japani alionyesha LED ya bluu inayong'aa kweli. Yeye na Wajapani wenzake, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, walipewa Nobeli ya fizikia mwaka 2014. Kwa nini bluu? Kwa sababu ile taa nyeupe unayoijua, ya simu na ya tochi, ndani yake ni bluu iliyopakwa unga wa njano juu. Bila bluu hakuna nyeupe. Na LED inakula umeme kidogo tu, kwa hiyo paneli ndogo kama daftari inatosha. Ndiyo ile taa ya mkononi tunayoigombania.

Mwaka 2015 Chatham House, taasisi ya utafiti ya London, ilitoa ripoti kuhusu nishati kambini. Ilikadiria kwamba karibu asilimia 90 ya watu wanaoishi katika kambi za wakimbizi hawakuwa na umeme. Miaka zaidi ya 150 tangu ile hospitali ya Lviv, na sisi bado tulikuwa na kibatari, na wengine hata hicho hawana.

Wakati huo huo mambo yalianza kusogea. Mwaka 2014 mfuko wa IKEA ulianza kampeni: kila balbu ya LED iliyouzwa dukani, euro 1 ilienda UNHCR kwa ajili ya mwanga kambini, kwenye nchi kama Ethiopia, Chad, Bangladesh na Jordan. Kambi ya Azraq huko Jordan ilifunguliwa Aprili 2014 jangwani. Wasiria waliokaa mle walianza bila umeme majumbani, wakawa na taa ndogo za sola tu. Mei 2017 ukafunguliwa mtambo wa sola wa megawati 2, Azraq ikasemwa ni kambi ya kwanza ya wakimbizi duniani kuendeshwa kwa nishati ya jua. Familia zikaweza kuwasha feni, kuweka friji, kuchaji simu.

Lakini hadithi tunayoipenda zaidi ni ya Za'atari, kambi jirani iliyofunguliwa Julai 2012. Pale waliweka taa za barabarani. Nguzo zina nyaya, na kati ya Wasiria walikuwemo mafundi umeme wazuri tu. Si mnajua kilichotokea? Wakapanda. Wakavuta nyaya kutoka kwenye nguzo mpaka nyumbani, mpaka dukani, mpaka barabara nzima ya soko ikawaka. Bili ikapanda mpaka mamia ya maelfu ya dola kwa mwezi. Nyaya zilikuwa za hatari, ni kweli. Kwa upande mmoja ukiangalia huo ni wizi wa umeme. Kwa upande mwingine, hiyo ilikuwa kura. Watu walipewa mwanga wa barabara na wakajibu kwa koleo na waya: sisi tulitaka mwanga wa nyumbani. Novemba 2017 Za'atari nayo ikapata mtambo wa sola, wa megawati 12.9, kwa pesa za Ujerumani, na umeme ukapelekwa majumbani kwa utaratibu.

Kakuma nako kulikuwa na kitu kama hicho. Kabla ya miradi mikubwa, wakimbizi wenye biashara walinunua majenereta ya dizeli, wakavuta nyaya kwa majirani, wakatoza kwa mwezi. Hakuna aliyewaandikia mradi. Watu wakiachiwa nafasi, wanachagua taa yao wenyewe.

4. Nguzo au mkono?

Sasa turudi kwenye swali la bloku yetu.

Nguzo ina faida, tusiikatae. Inamulika watu wengi kwa mara moja. Haiwezi kuuzwa sokoni na baba mwenye shida. Mgonjwa akibebwa usiku, nguzo iko pale. Mgeni akija kupiga picha, anaiona.

Ubaya wake ni huu. Kwanza, haitembei, kama ule moto wa misafara. Inatengeneza duara la mwanga, na pembeni ya duara giza linakuwa zito zaidi, kwa sababu ya yale mambo ya jicho tuliyosema. Ukiweka nguzo 1 mlangoni kwa choo na njia ya kwenda chooni ni mita 50 za giza, umemulika mwisho wa safari tu. Pili, vijana wa kiume tunakusanyika chini yake. Tunacheza karata, tunapiga stori, hatuna ubaya na mtu. Ila msichana wa miaka 14 anayetaka kwenda chooni saa tatu usiku haoni "vijana wasio na ubaya". Anaona wanaume 10 wanaomwangalia anaenda wapi. Basi anarudi ndani, anasubiri asubuhi. Tatu, betri. Paneli nzuri inadumu miaka 20 na zaidi. Betri ndiyo inayokufa kwanza, mara nyingi baada ya miaka michache, na ikifa nguzo inabaki kama mti uliokauka. Nne, mwanga mweupe sana wenye bluu nyingi unaita wadudu kuliko ule wa njano. Na mbu wa malaria wanauma usiku, kwa hiyo kukaa nje saa nyingi chini ya nguzo ni kujipeleka kwao.

Taa ya mkononi inaenda na mtu. Inamulika njia yote, inaingia hadi ndani ya choo, inarudi nyumbani, inasomesha mtoto, nyingine zinachaji simu. Ubaya wake nao upo. Nyumba ina watu 8, taa ni 1. Nani anaishika? Mara nyingi mwanaume, au kaka mkubwa. Mgao wa chakula ukipunguzwa, taa inauzwa. Ikianguka kwenye maji imekufa. Na mwenye taa mkononi gizani naye anaonekana kutoka mbali.

Oxfam walifanya utafiti kwenye kambi za Uganda, Nigeria na Iraki kuhusu mwanga wa vyoo na usalama wa wanawake, wakauchapisha 2018. Kwa ufupi ni kwamba mwanga unasaidia watu kujisikia salama, lakini mwanga peke yake hautoshi. Choo bila kitasa kwa ndani, choo kilicho mbali, choo cha wanaume na wanawake kilichochanganywa, hata ukikimulika kama uwanja wa mpira bado kinaogopwa. Viwango vya Sphere vinavyotumiwa na mashirika vinasema choo kiwe kama mita 50 kutoka nyumbani, kisizidi hapo, na kila watu 20 wapate choo 1. Ukikosa hayo, taa inafanya kazi ambayo siyo yake.

Tukafanya kitu kimoja kwenye kikundi. Tuliwaomba wavulana wachore njia wanazopita usiku, na wasichana nao wachore zao, kila kundi peke yake. Karatasi mbili tukaziweka mezani. Wavulana walichora barabara kubwa, sehemu ya video, uwanja. Wasichana walichora choo, bomba la maji, kinjia cha nyuma ya kanisa, nyumba ya bibi anayeumwa. Njia zilizofanana zilikuwa chache mno. Na zile nguzo zilizokuwa zinapendekezwa? Zote zilikuwa kwenye karatasi ya wavulana.

Hapo ndipo historia yote ilipotuingia. Dadaab walimulikia hatari njia moja, ikahamia nyingine. Nepal walihesabu sufuria, wakasahau daftari. Za'atari waliweka mwanga barabarani, watu wakauvuta nyumbani. Na sisi hapa tulikuwa karibu kuweka mwanga mahali ambapo wanaoogopa giza hawapiti.

5. Tunachopendekeza

Haya ni mawazo ya kikundi, siyo amri. Mnaweza kuyakosoa.

Moja, taa za mkononi kwanza, na zianze kwa nyumba zenye wasichana, nyumba zinazoongozwa na mama peke yake, wazee na walemavu. Jina linaloandikwa kwenye karatasi ya kupokea liwe la mama au la msichana. Ikiandikwa kwa jina lake, kumnyang'anya kunakuwa na aibu kidogo.

Mbili, pesa ikibaki, nguzo ziwekwe sehemu tatu tu: bombani, njia ya zahanati, na katikati ya njia ya vyoo. Tumesema katikati ya njia, siyo mlangoni, ili watu wasikae pale na ili mwanga ugawanyike pande zote mbili. Mwanga uwe wa njano kuliko mweupe, na uelekezwe chini.

Tatu, kabla ya kupokea taa yoyote tuulize: betri yake inapatikana soko gani, kwa shilingi ngapi, na nani kati yetu amefundishwa kuibadilisha? Kwenye kila bloku kuna vijana wanaotengeneza simu na redio. Wapewe mafunzo na bisibisi. Taa isiyoweza kufunguliwa kwa bisibisi ya kawaida tuiogope, hata kama ni nzuri. Kibatari kilidumu zaidi ya miaka 100 kwa sababu kila mtu alikuwa fundi wake.

Nne, vitasa vya vyoo. Tunajua swali lilikuwa la taa. Lakini kitasa ni rahisi kuliko nguzo, na dada zetu walikitaja kabla ya kutaja mwanga.

Tano, na hili ndilo kubwa. Kikao cha kuchagua kifanyike mara mbili, kimoja cha wanawake na wasichana peke yao, mchana, karibu na nyumbani, wakati ambao hawapiki. Maamuzi yao ndiyo yasomwe kwanza kwenye kikao cha wote.

Kuna wazee watasema, "Hata sisi tulikulia kwenye kibatari na hatukufa." Ni kweli wazee wetu, mlipona, na tunawaheshimu kwa hilo. Ila mkikumbuka vizuri, kuna waliokuwa nanyi ambao hawakupona, na wengine walipona lakini kuna jambo la usiku ule hawajawahi kulisema mpaka leo.

Nyie wa mashirika, tunajua mna fomu, mna tarehe ya mwisho, mna bosi wenu. Hatuwaombi miujiza. Tunaomba kabla hamjachimba shimo la nguzo mtembee ile njia saa mbili usiku pamoja na msichana anayeipita, bila tochi. Ni dakika 5 tu.

Na nyie vijana wenzetu wa kambi nyingine, tuandikieni. Kwenu waliweka nini? Bado kinawaka? Betri ilikufa baada ya muda gani, na nani aliibadilisha? Tutakusanya majibu yote na kuyapeleka kwenye kikao. Anzeni na swali moja rahisi leo jioni kwa dada yako au mama yako: usiku, unapita wapi?